Hii ya "hatuna seva" ni usanii mtupu

Jamani, kuna kisingizio kimoja ambacho nadhani wakati umefika tukizike. Muulize mhitimu wa kompyuta hapa mjini kama amewahi kuunda mashine pepe kwa mikono yake mwenyewe. Mara nyingi utajibiwa: "Tulifundishwa, ila chuoni hatukuwa na seva." Waulize walimu, nao wanasubiri seva. Uliza seva inatoka wapi, utaambiwa mfadhili. Basi tumekaa kituoni tunangoja basi ambalo njia yake ilishafutwa.

Kwa wale wasio wa fani hiyo: mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Diski yake ni faili tu, RAM yake ni kipande kilichokatwa kwenye RAM ya mwenyeji wake, na ina mfumo wake wa uendeshaji. Ikiharibika unaifuta na kuanza upya, mwenyeji hana habari. Biashara kubwa ya "wingu" imesimama juu ya jambo hili. Asiyelijua atabaki mteja maisha yake yote, analipa kwa dola na kupiga makofi.

Sasa sikilizeni. Kazi hiyo inafanyika kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja yenye ukubwa wa kadi ya benki. Sisemi ile ya kwanza ya mwaka 2012 iliyokuwa na RAM ya MB 256. Nasema Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, na hasa ile ya GB 8 iliyofuata Mei 2020 kwa dola 75. Najua bei imepanda tangu hapo, na ukijumlisha usafiri na ushuru unaumia zaidi. Lakini hata hivyo huwezi kuilinganisha na bei ya seva ya kabati.

Prosesa yake ina uwezo wa kubeba mashine pepe ndani ya chuma chenyewe. Juu yake unaweka Raspberry Pi OS ya biti 64, kisha unaangalia kama faili /dev/kvm ipo. Ikiwepo, maana yake KVM iko tayari. Unaongeza QEMU, libvirt, virtinst na faili za UEFI za ARM, unajiingiza kwenye kundi la watumiaji linaloitwa libvirt, halafu unashusha Debian ya arm64. Angalia sana hapo: ukichukua ile ya amd64 utalia, maana hiyo ni ya prosesa za Intel na AMD. Unaipa mashine pepe GB 1 ya RAM, unaamuru itumie prosesa ya mwenyeji moja kwa moja, unawasha. Basi. Mashine tatu au nne za namna hiyo, zisizo na madirisha na mapambo, zinakaa vizuri kwenye GB 8.

Mimi ni mwandishi wa habari, sikusomea uhandisi. Nimeweza. Mwenye shahada ya kompyuta ana kisingizio gani?

Tena mimi nina sababu yangu. Mtu usiyemjua anakutumia faili, anadai ni ushahidi wa ufisadi. Utaifungua kwenye laptop yenye majina ya watu waliokuamini? Mimi naifungua ndani ya mashine pepe isiyo na mtandao, nikimaliza naifuta. Si ngao ya chuma cha pua: mwaka 2015 iligundulika kasoro ya QEMU iliyoitwa VENOM, ambayo ingeweza kumruhusu mshambuliaji atoke ndani ya mashine pepe na kumfikia mwenyeji. Ndiyo maana unasasisha programu, na ndiyo maana mashine hiyo naiweka kwenye bodi ya pembeni, mbali na laptop ya kazi.

Najua mtanirushia mawe. Hebu tuyadake moja moja.

"Hicho ni kitoto cha kuchezea." KVM iliingia kwenye keneli ya Linux mwaka 2007, na hiyo hiyo KVM ndiyo Google wanayoitumia kuendesha mashine pepe wanazokodisha duniani. Kinachotofautiana ni ukubwa wa chuma. Aliyejifunza kuendesha gari kwa Vitz hashindwi kuelewa usukani wa lori.

"Soko linataka VMware." Sawa, lijue soko. Lakini kumbuka Novemba 2023 Broadcom waliinunua VMware, na Desemba hiyo hiyo wakaacha kuuza leseni za kudumu. Februari 2024 wakaondoa toleo la bure la ESXi, ambalo watu walikuwa wanajifunzia. Aprili 2025 wakalirudisha. Leo lipo, kesho halipo, keshokutwa lipo: utajengaje mtaala juu ya mchanga huo? Kichekesho ni kwamba hata chipu ya Raspberry Pi 4 imetengenezwa na Broadcom hao hao. Tofauti ni kwamba chuma unakinunua mara moja, na programu huria hakuna atakayekuja kukunyang'anya.

"Haiendeshi programu za Windows za kawaida." Hapo mna haki nusu. Programu ya Intel kwenye ARM inabidi iigizwe, na inakwenda kwa mwendo wa konokono. Lakini kujifunza mitandao, seva za wavuti, hifadhidata na ulinzi hakuhitaji hayo.

Mapungufu mengine yapo. Kadi ya SD haivumilii kuandikwa usiku na mchana, nunua SSD ya USB. Umeme uwe volti 5 na ampea 3 za kweli, siyo chaja ya simu ya mtaani. Weka feni. Hayo yote ni matatizo ya kwenda dukani. Hakuna hata moja la kwenda kwa mfadhili.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila darasa la kompyuta liwe na bodi moja kwa wanafunzi wanne, na mtihani wa mashine pepe ufanyike kwa kuwasha mashine pepe. Mwanafunzi aiunde, aivunje, aifufue mbele ya mwalimu. Kuandika "taja faida tano za mashine pepe" na kumpa mtu alama A ni kumdanganya yeye, mzazi aliyelipa ada na mwajiri anayemsubiri.

Na mwalimu anayepinga, kwanza atuonyeshe mashine pepe aliyoiunda yeye.