Usukani Ukitetemeka, Fundi Asipige Ramli

Wadau, huku Kwa Mrombo peleka Benzi gereji, sema usukani unatetemeka, utasikia: "Bosi, steringi raki imekufa." Imekufa kwa kipimo gani?

Ukitetemeka kwenye kasi ya 80 hadi 120, anza na balansi ya matairi na rimu zilizopindishwa na mashimo. Ukitetemeka ukikanyaga breki, kagua diski za mbele. Gari likivuta upande mmoja, angalia upepo na alaimenti. Hayo yote ni bei chee mbele ya raki.

Fundi asiyeliendesha gari kwanza anapiga ramli kwa pesa yako. Na akikosea, barabara ya Moshi ina mabasi na roho za watu. Mwambie: twende tukalijaribu kwanza! Akigoma, ondoa gari lako. Mnasemaje?