Nani Alikubeba Mgongoni?

Kila tunapowaalika waandishi wa saikolojia ya ushauri nasaha, wanagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka wanasaikolojia Erikson, Piaget, Bowlby na Rogers wafundishwe kama walivyoandikwa, mwanafunzi akariri hatua na umri, apite mtihani. Kambi ya pili inataka wote wanne waondolewe darasani kwa kuwa hawakutujua. Mabishano hayo yamenichosha, na toleo hili la jarida letu kuhusu Kitale na Bungoma limenipa nafasi ya kueleza kwa nini.

Nianze na Bowlby. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyeichunguza nadharia yake, alifika Kampala mwaka 1954. Katika vijiji vya Buganda alizifuatilia familia 26 zenye watoto wachanga 28, akizitembelea kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi kadhaa, akisaidiwa na mkalimani wake, Katie Kibuka. Walimwona mtoto akitambaa hadi mlangoni, akageuka kuhakikisha mama yupo, kisha akaendelea na safari yake. Utafiti wake wa Baltimore, Marekani, ambao kila kitabu cha kiada huutaja, ulikuja baadaye. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Basi linalopita Bungoma asubuhi hufika Kampala siku hiyo hiyo. Huko ndiko nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi ilikopata ushahidi wake wa mwanzo. Anayesema nadharia hii haikumwona mtoto wa Afrika Mashariki hajaisoma.

Anayeikariri naye amepotoka. Kilichoturudia vitabuni ni mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya chumba chenye vitu vya kuchezea. Wengine wote wamefutwa. Ilhali Ainsworth mwenyewe aliandika kwamba watoto wale walijishikiza pia kwa baba, nyanya na ndugu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Thomas Weisner alizifuatilia familia za Abaluyia wa Kisa, magharibi mwa Kenya, na jamaa zao waliohamia Nairobi, na mwaka 1977, pamoja na Ronald Gallimore, akachapisha makala kuhusu watoto wanaolea watoto. Wahenga walikwisha kusema: mkono mmoja haulei mwana.

Jioni moja karibu na soko la Kitale nilimwona msichana wa miaka minane hivi akingoja zamu ya maji, mdogo wake amefungwa leso mgongoni. Mtoto alipoanza kulia, msichana hakugeuza shingo. Alitingisha mabega mara mbili tatu, akapeleka mkono nyuma na kuushika mguu wa mtoto. Kilio kikakoma. Mama yao alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akipanga mafungu ya sukumawiki, na mtoto hakumtafuta. Sisemi msichana wa umri ule akose shule kwa ajili ya kulea. Nasema mtoto yule alikuwa ametulizwa na mtu anayemjua kwa ngozi na harufu, na mtu huyo hayumo kwenye fomu zetu.

Hapo ndipo tunapowaumiza watu. Chukua mfano wa kijana wa sekondari huko Kimilili aliyerudi kutoka likizoni akiwa amebadilika, haongei, alama zimeshuka. Mwalimu wa ushauri nasaha anajaza fomu: baba yu hai, mama yu hai, wanaishi pamoja. Anaandika kwamba nyumbani hakuna tatizo. Hakuna aliyeuliza habari za dada aliyembeba, ambaye ameolewa mbali, wala za nyanya, kukhu wake, aliyezikwa mwezi uliopita. Kijana anaomboleza mlezi ambaye fomu haimtambui. Na mwenzake aliyelelewa na nyanya, akashiba na kupendwa, anaandikwa kuwa ametelekezwa kwa sababu mama yake anafanya kazi Nairobi. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: tumelishika jedwali la kukariri, tukaacha uchunguzi uliolizaa.

Makala ya pili ya toleo hili inayaweka marika ya tohara ya Wabukusu kando ya hatua za ukuaji za Erikson. Marika ni manane, kuanzia Kolongolo hadi Sawa. Hatua za Erikson nazo ni nane. Idadi imelingana kwa bahati tu, na mwandishi amefanya vyema kutoing'ang'ania. Anauliza jambo zito zaidi. Kijana anayesimama uani kwa baba yake alfajiri ya Agosti akingoja kutahiriwa, amepakwa tope baridi la mtoni, huambiwa na ukoo mzima yeye ni nani. Je, mwenzake wa mjini aliyetahiriwa hospitalini huambiwa na nani? Na dada zao je? Erikson angelisikiliza swali hilo, maana kabla ya kuchapisha *Childhood and Society* mwaka 1950 alikwenda kuwatazama Wasioux na Wayurok wakilea watoto wao.

Makala kuhusu Piaget na mtaala wa umilisi itawafaa walimu. Ile ya Rogers inauliza kama mshauri anaweza kumsikiliza kwa Kiingereza mtu anayelia kwa Lubukusu. Jibu langu ni hapana. Ya mwisho inaichambua Sheria ya Kenya ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014.

Wewe mshauri unayesoma haya, nakuomba jambo moja. Kesho, kabla hujaandika jina la mama na la baba, muulize mteja wako: nani alikubeba mgongoni? Kisha muulize mtu huyo yuko wapi sasa, na umpe muda wa kujibu.