Laiki Hazizimi Moto

Manze, tuambiane ukweli. Subaru ikitema moto nyuma, sote tunashangilia. Hata mimi huo mlio napenda. Lakini mwaka 2010 Ferrari iliita magari 1,248 aina ya 458 Italia baada ya kadhaa kushika moto. Shida ilikuwa gundi tu! Bati la kukinga joto karibu na gurudumu la nyuma lilibandikwa kwa gundi, na joto la injini na ekzosi likaiwasha. Ikabidi bati lifungwe kwa chuma.

Sasa wewe unaambia fundi ang'oe hilo bati kabisa juu linapiga kelele. Ekzosi inapita kando ya waya na paipu ya petroli, halafu unapaki kwa nyasi kavu Naivasha wakati wa Safari Rally. Kama wahandisi wa Ferrari walikosea, wewe unajiamini na nini? Na ndani umebeba mabeshte wanne.

Sisemi uache mlio. Rudisha bati, ziba oili inayovuja, usipaki kwa nyasi, weka kizimamoto mahali mkono unafika. Yako iko wapi saa hii?