Mwenye kutoa asidai makofi

Kuna mchezo mmoja wa televizio ambao Waingereza wanaucheka mpaka leo. Sisi tunaona uko na fundisho kwa wote wanaokusanya makuta juu ya maskini.

Ilikuwa mwezi wa 6, mwaka 1987, pale Alton Towers, bustani kubwa ya michezo katika inchi ya Uingereza. Prince Edward, mwana wa mwisho wa Malkia Elizabeth wa 2, alikuwa na miaka 23. Alipanga mashindano ya namna ya «Intervilles», ambayo wenye kufuata televizio ya Ufaransa wanayajua: watu wanavaa manguo ya kuchekesha, wanakimbia, wanateleza, wanaanguka mu maji.

Vikundi vilikuwa 4, na wakubwa wake walikuwa Edward mwenyewe, dada yake Anne, kaka yake Andrew, na Sarah, bibi ya Andrew. Kila kikundi kilishindania kazi moja ya huruma. Anne alisimama juu ya Save the Children, Andrew juu ya WWF, ile ile ambayo watu wa Kivu wanaijua kwa kulinda nyama wa Virunga. Wachezaji walikuwa watu wa sifa, kama John Travolta na Christopher Reeve. Kikundi cha Anne ndicho kilishinda. Makuta yaliyopatikana yalipita milioni 1 ya paundi.

Sasa, juu ya nini watu wanacheka? Kisha mchezo kuisha, Edward aliuliza wanahabari kama walifurahi. Wakacheka chini chini. Akakasirika, akatoka, akawaacha pale. Tangu siku ile watu wanakumbuka paka hasira ya mwana wa malkia. Watoto na watu wasio na nyumba, ambao ndio mchezo ulipangwa juu yao, wakasahauliwa.

Kuna wanaosema kosa ni kwamba watu wa kifalme hawapashwe kucheza mbele ya watu. Hatukubali. Mukubwa akikubali kuchekwa juu ya mutoto mwenye njaa, hiyo si haya, ni heshima. Lakini wale 4 hawakushindana. Walisimama pembeni wakipiga kelele, wengine ndio wakaanguka. Na kisha wakangojea sifa.

Miezi 8 kupita, Februari 1988, BBC ile ile ilionyesha Red Nose Day ya kwanza. Watu wa kawaida walivaa pua nyekundu, kila mutu akajichekesha mwenyewe. Kati ya vicheko, televizio ikaonyesha wenye shida, Afrika na kwao Uingereza. Paundi milioni 15 zikapatikana. Hakuna mutu aliyeuliza kama amepigiwa makofi.

Hata huku kwetu tunaona mifuko ya muchele ikiletwa na kamera mbele. Jina la mwenye kutoa linatajwa mara 10, mama anayepokea hata mara 1 haulizwe neno.

Basi, wakubwa wetu, chezeni, chekeni, angukeni hata mu matope. Lakini mukisha kuamka, tuambieni ni nani alikula, ni mutoto gani alirudi masomoni. Makofi yatakuja yenyewe. Na yasipokuja, mutoto amekwisha kula.