Dakika 15 angani, saa sita barabarani

Mkulima wa maua au maharage machanga wa Arusha anao uwanja wa ndege wa kimataifa, KIA, umbali wa kilomita 50 hivi kutoka mjini. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mazao hayo imekuwa ikipakiwa kwenye malori hadi uwanja wa JKIA, Nairobi, kilomita zipatazo 270, ndipo ipande ndege kwenda Ulaya. Je, mkulima ananufaika nini na safari hiyo?

Tuanze na ramani. Kwa mstari ulionyooka, kutoka KIA hadi Schiphol, Amsterdam, ni takriban kilomita 6,900. Kutoka JKIA ni takriban kilomita 6,680. Tofauti ni kilomita 220 tu, ambazo ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa huzimaliza kwa dakika 15. Lori hutumia saa tano hadi sita kufika Nairobi, mbali na ukaguzi wa Namanga. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018 kimerahisisha taratibu, lakini hakikufupisha barabara.

Kwa hiyo msafirishaji hafuati umbali, anafuata ndege. JKIA ina ndege nyingi za mizigo kwa sababu Kenya ina maua mengi ya kuzijaza. KIA hutegemea zaidi ndege za abiria, ambazo mizigo huwekwa katika nafasi inayobaki baada ya mabegi ya watalii. Ndege ya mizigo haiji mahali penye mzigo mdogo, na mzigo hauongezeki mahali pasipo na ndege. Tena ndege ikija tupu, gharama ya kuja na kurudi humwangukia mwenye mazao.

Hasara yake si ya muda peke yake. Waridi huhitaji nyuzi joto 2 hadi 4 tangu likatwe, na kila saa ya ziada katika joto hupunguza siku zake za kukaa kwenye chombo cha mteja. Ada za kupakia, kuhifadhi na kusafirisha nazo hulipwa Nairobi, na ajira zake hubaki huko huko.

Yapo mambo ambayo mkulima mdogo anaweza kuyafanya. Kwanza, ahesabu saa tangu kuvuna hadi ndege kuruka, asihesabu kilomita. Pili, apime ujazo wa maboksi. Mashirika ya ndege hutoza uzito au ujazo, lolote lililo kubwa, na kwa kawaida mita moja ya ujazo huhesabiwa kilo 167. Boksi lililojaa hewa hulipiwa kama limejaa mazao. Tatu, wakulima wajiunge katika vikundi vinavyoweza kuahidi tani zilezile kila wiki, kwani mwenye ndege hutazama mzigo wa uhakika kabla ya kupanga safari.

Serikali na wadau nao waanzie hapo hapo. Vyumba vya ubaridi, na wakaguzi wa afya ya mimea walio kazini usiku ndege inapopakiwa, vina thamani kuliko njia ndefu ya kurukia. Ramani imekwisha kutupa jirani wa karibu. Kilichobaki ni kumpatia mzigo.