Mazungumzo ya Jikoni Nayo ni Afya



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia malaria, chanjo na maji safi. Mwezi huu naomba tuzungumzie jambo lisilouzwa dukani wala kuandikwa kwenye cheti cha daktari, yaani kukaa pamoja jioni na kusikiliza habari za nyumbani kwetu.

Kwetu ni Umatengo, wilaya ya Mbinga, kwenye milima ya kahawa na maharage. Bibi yetu mzaa baba alipovuka miaka 80 alianza kusahau. Alikuwa akimaliza kula, na baada ya muda mfupi analalamika kwamba tumemnyima chakula. Alimwulizia kaka yake aliyekwisha kufa zamani. Sisi tukawa tunamsahihisha: "Bibi, umeshakula! Bibi, huyo alishafariki!" Kila tulipomwambia hivyo alilia upya, kana kwamba msiba ni wa siku ile. Mwishowe tukachoka. Tulimwogesha, tukampa chakula, tukawasha televisheni.

Jioni moja umeme ulikatika, na simu zikawa zimeisha chaji. Wote tukaketi jikoni kupukuchua maharage. Mwanangu wa miaka 9 akauliza: "Bibi, eti ngoro inachimbwaje?"

Bibi akaweka ungo chini. "Mume wangu, sogea hapa," akasema kwa utani. Akachukua kijiti, akachora miraba kwenye majivu. Akaeleza jinsi wanaume wanavyofyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, na jinsi wanawake wanavyochimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale kwa udongo. Maharage hupandwa kwanza, halafu mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni na udongo wa mlimani hauporomoki. Hakukosea hata hatua moja. Aliwataja na wanawake aliolima nao, akaeleza nani alikuwa mvivu, tukacheka mpaka machozi.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka zangu wawili walianguka shambani, mdomo ukaenda upande. Watu wakasema wamerogwa. Na baba yako vivyo hivyo." Mimi nilikuwa mdogo baba alipofariki, niliambiwa tu kwamba aliugua ghafla. Nimefanya kazi ya zahanati na kupima watu presha kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuuliza nyumbani kwetu nani alikufa kwa ugonjwa gani. Kesho yake nikajipima. Ilikuwa 170 kwa 100. Leo natumia dawa kila siku, chumvi nimepunguza, na ndugu zangu wote wamepimwa.

Je, jioni ile inatufundisha nini?

Kwanza, kwa mzee mwenyewe. Kusahau kwa namna ile si ukaidi, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza mmoja wa magonjwa hayo mwaka 1906, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Lakini mara nyingi mambo ya karibuni ndiyo hupotea kwanza, na ya zamani hudumu zaidi. Kwa hiyo tusimtahini mzee: "Mimi ni nani? Leo tumekula nini?" Tumwulize ya ujana wake. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Robert Butler aliandika kwamba mzee kuyapitia tena maisha yake si upuuzi wa uzee, ni kazi ya lazima ya moyo. Hata hivyo, mzee akibadilika ghafla msiseme ni uzee tu. Mpelekeni hospitali, kwa maana maambukizi au dawa anazotumia huweza kuleta hali hiyo, nayo hutibika.

Pili, kwa watoto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu ukoo wao: wazazi walikutanaje, babu alikulia wapi, na kadhalika. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi habari za kwao walijithamini zaidi. Si kwamba kujua majina kunatosha. Naona siri iko katika kule kuketi pamoja mara nyingi kiasi cha kuyajua.

Tatu, kwa ukoo mzima. Presha, kisukari na selimundu huandama baadhi ya familia. Anayejua waliomtangulia waliugua nini hupima mapema. Asiyejua hungoja kuanguka, kisha lawama humwangukia jirani. Tunafahamu jinsi vikongwe wetu walivyoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni walizotupikia!

Wapo watakaosema: "Maisha ni magumu, nani ana muda wa hadithi?" Najibu kwamba sisi hatukutenga muda. Maharage yalikuwa lazima yapukuchuliwe. Palipo na kazi ya mikono, mdomo hufunguka wenyewe. Wengine watasema kuna kumbukumbu zenye uchungu. Ni kweli. Mzee asiyetaka kusema asilazimishwe, na akilia asikatizwe, mshike mkono.

Maoni yangu ni haya. Kila nyumba ichague jioni moja kwa juma ya kuzima televisheni na kuweka simu pembeni. Mtoto mmoja aulize swali moja. Mkubwa mmoja aandike kwenye daftari majina, miaka na magonjwa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hawakai milele.

Bibi yetu alifariki mwaka uliofuata. Mwezi wake wa mwisho hakumtambua yeyote kati yetu. Ila mwanangu alipompelekea majivu kwenye sinia na kijiti, alichora mraba mmoja, akatabasamu. Msimu huu mtoto huyo amechimba ngoro yake ya kwanza nyuma ya nyumba. Imepinda upande mmoja, lakini maharage yameota.