Diski Mbili, Boksi Moja

Wapo wanaogombana kwa sababu ya meseji za usiku wa manane, wapo wanaogombania hela ya matumizi, wapo wa mawifi. Mimi na mzee wangu, hapa Shangani, Mtwara, tulinuniana wiki mbili kwa sababu ya sipiyu. Msicheke.

Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa na diski ya gigabaiti 500. Humo mlikuwa na kila kitu: ripoti zake za kazi, muziki, picha za mwanetu tangu siku ya kwanza, na video ya harusi yetu, ambayo ndiyo sehemu pekee mama yangu mzazi anaonekana akicheza na kucheka. Mama hayupo tena. Kwa hiyo ukinisikia nasema "ile diski", jua sizungumzii bati na waya.

Diski ikajaa. Mzee akanunua nyingine ya terabaiti 2, na Jumamosi moja akaifunga mwenyewe. Kusema ukweli kazi yenyewe si ngumu. Unazima mashine, unachomoa waya ukutani, unafungua ubavu wa boksi, kisha unagusa chuma chake kwanza ili umeme ulioko mwilini mwako usije ukaunguza kitu. Diski unaikaza kwa skrubu 4, halafu unachomeka waya mbili: mwembamba wa data unaotoka kwenye ubao mkuu, na mpana wa umeme unaotoka kwenye pawasaplai. Ukiwasha usipoiona, usishtuke. Diski mpya lazima uitambulishe na kuifomati kwenye ile sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Ikizidi terabaiti 2 chagua mpangilio wa GPT, maana ule wa zamani wa MBR hauoni zaidi ya hapo. Na usirudi dukani kugombana eti umenunua terabaiti 1 na kompyuta inakuonyesha gigabaiti 931. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

"Usiwe na wasiwasi mama watoto, sasa tuna diski mbili," akaniambia huku anajifuta vumbi.

Mimi nikaelewa kwamba vitu vyetu vipo sehemu mbili. Yeye alimaanisha nafasi imeongezeka. Alikuwa amekata kila kitu kutoka ya zamani, akakihamishia kwenye mpya, halafu ya zamani akaifomati na kuijaza muvi. Muvi, jamani!

Ilikaa miezi saba. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Tunaishi jirani na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa tangu mwaka 1982, lakini soketi ya sebuleni kwangu haijui historia. Mashine ilipowaka tukasikia tik, tik, tik. Mlio huo mara nyingi maana yake ni kwamba kile kichwa kinachosoma diski kinatafuta njia na hakiioni. Ukiusikia, zima hapo hapo, kwa sababu kila unapowasha unaweza kukwangua na kile kilichobaki. Mzee aliwasha mara kumi. Tukampelekea fundi Dar, akataja bei iliyozidi ya kompyuta yenyewe, tukalipa. Zilirudi ripoti za kazi na muziki. Picha za mtoto za mwaka wa kwanza hazikurudi. Video nayo haikurudi.

Nilimwambia maneno ambayo hapa hayaandikiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe uliwahi kukopi hata picha moja?" Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilimwachia sura ya mama yangu kama ninavyomwachia kubadilisha mtungi wa gesi, kwamba hayo ni mambo ya wanaume.

Aliyetuokoa ni wifi yangu wa Mikindani. Baada ya harusi tuliwagawia ndugu DVD, yake ikalala kabatini chini ya vitenge miaka yote hiyo. Ina mikwaruzo, kuna mahali inaganda, lakini mama yumo, dakika nne nzima. Mzee alianza kulia kabla yangu. Kununa kukaishia hapo.

Tangu siku hiyo tunafuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ilale nje ya nyumba. Hiyo ya tatu ndiyo watu wengi tunairuka. Diski mbili ndani ya boksi moja si bekapu, hata ukizipanga ziwe zinaigana. Umeme mmoja unaziua zote, mwizi mmoja anabeba zote, na ukifuta faili upande huu, upande wa pili nao unatii. Virusi vya flashi ya steshenari ni vilevile, vitaingia mpaka kwenye eksteno uliyoiacha imechomekwa kutwa. Kopi, chomoa, weka mbali.

Na sisi watu wa pwani ya Ruvuma tuna sababu ya ziada. Mnakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja tukaambiwa tujihadhari? Kikaangukia kwa majirani zetu Cabo Delgado, ng'ambo ya mto. Maji yangeingia sebuleni kwetu, yangeuliza ipi diski mpya na ipi ya zamani? Hata bila kimbunga, chumvi ya baharini inakula chuma polepole. Eksteno yangu inalala kwenye kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakti vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Shoga yangu mmoja alidhani ni vitafunio.

Utaniuliza, si uweke Google Drive? Naweka, zile picha ninazozipenda zaidi. Za bure ni gigabaiti 15 tu, na kupandisha video ya harusi kwa bando la simu ni mateso mengine.

Kwa hiyo tuna eksteno mbili. Moja ipo nyumbani, nyingine ipo Mikindani, na Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakwenda kuzibadilishana. Tunakula pweza, tunazungumza, tunarudi jioni tukiwa tumeshikana mikono kama wachumba. Mwezi uliopita wifi alitupokea mlangoni na simu yake iliyopasuka kioo. Picha zote za marehemu mumewe zimo humo humo, hana kwingine. Akauliza kwa aibu kama kwenye diski yetu kuna nafasi kidogo.

Mzee alikuwa ameshaanza kutafuta waya.